Vidole Kumi vya Lusenda

Vidole vinne vya mkono wa kulia hutangulia juu ya kioo. Hufuata vinne vya kushoto, kisha magumba mawili kwa pamoja. Mashine ikiridhika, aliyekaa kwenye kompyuta husogeza kifaa kingine karibu na uso: sasa ni zamu ya mboni za macho. Mwisho ni picha, macho wazi, kilemba kimerudishwa nyuma ya masikio.

Si kila mkono unaokubaliwa mara ya kwanza. Mwanamke anayeshinda na jembe, anayemenya mihogo na kusugua masufuria kwa mchanga wa ziwani, ngozi ya vidole vyake imelika, na ile mistari inayotafutwa na mashine imefifia kama njia ya ng'ombe baada ya mvua. Atafuta mkono kwenye kitenge na kurudia. Nyuma yake foleni ni ndefu, watoto wanalia, na kila aliyemo analijua jambo moja: jina lisipoingia kwenye orodha, hakuna posho.

Hivyo ndivyo mkimbizi wa Burundi anavyoandikishwa nchini Kongo, na Lusenda, kambi iliyo kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, ni mojawapo ya mahali ambapo maelfu wamepitia hatua hizo. Wanasheria wanaochunguza teknolojia ya habari wana neno lao kwa kitendo cha kuweka kidole pale juu ya kioo. Wanakiita ridhaa. Kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakibishana kama neno hilo linastahili.

Kutoka mlimani hadi kwenye kompyuta

Mwisho wa Aprili 2015, chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Maandamano yakaanza Bujumbura. Tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi lilitangazwa redioni, na ndani ya siku mbili likawa limezimwa. Watu walikwishaanza kutoka: wengine Rwanda, wengi Tanzania, na wengine wakavuka mto Ruzizi kuingia tambarare ya Uvira.

Kambi ya Lusenda ilifunguliwa katikati ya mwaka huo, katika eneo la Fizi, ili waliovuka wasiendelee kukaa mpakani. Idadi ilizidi upesi ile iliyokusudiwa, ikafika karibu watu 30,000, na baadaye ikabidi kufunguliwa Mulongwe, upande wa Baraka, kuwapokea waliozidi.

Anayefika hueleza mambo mengi. Jina lake, jina la baba na la mama, tarehe ya kuzaliwa kama anaijua. Kisha komine, zoni, na mlima alikotoka, kwa kuwa Burundi huhesabiwa kwa milima. Kisha sababu ya kukimbia. Kwa mtu aliyekimbia siasa, maelezo hayo yakikusanywa pamoja ni ramani kamili ya kumfikia yeye na ndugu zake waliobaki. Juu ya ramani hiyo huongezwa vidole kumi, mboni mbili na sura.

Mfumo wa kuhifadhi alama hizo, unaoitwa BIMS, ulijaribiwa kwanza mwaka 2013 katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, ukaanza kusambazwa nchi nyingine mwaka 2015. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, ambalo huku Fizi kila mtu analiita HCR, ndilo lenye mfumo. Serikali ya Kongo inashiriki kupitia Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, iliyoundwa kwa sheria ya wakimbizi ya Oktoba 2002.

Tarehe zimegongana kwa namna ya ajabu. HCR ilitoa sera yake ya kwanza ya kulinda taarifa binafsi za watu inaowahudumia mwezi Mei 2015, mwezi uleule ambao Warundi walikuwa wakivuka Ruzizi. Wakazi wa Lusenda, tuseme, ni rika moja na sera hiyo.

> Kambi ya Lusenda na sera ya HCR ya kulinda taarifa binafsi zilizaliwa mwaka mmoja, 2015.

Faida isiyobishaniwa

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba mashine ni adui. Karatasi inaungua, inaloa, inaibwa, inauzwa. Mtu aliyepoteza kadi yake zamani alimtegemea kiongozi wa mtaa au karani aseme kama anamfahamu, na karani huwa na bei yake. Kidole hakihitaji shahidi. Mjane hanyang'anywi jina na shemeji, na mtoto aliyetengana na wazazi njiani ana alama inayoweza kumrudisha kwao.

Kuna pia suala la majina hewa, na hapa mfano uko jirani. Mwaka 2018 Uganda ilitikiswa na tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imepandishwa na maofisa. Serikali, HCR na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakaamua kuhakiki kila mtu kwa vidole na mboni. Orodha ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.4. Uhakiki ulipomalizika Oktoba mwaka huo, waliojitokeza walikuwa takriban milioni 1.1.

Wafadhili hawakuisahau hesabu hiyo. Siku hizi, misaada inapopungua kila mwaka, kila dola inataka kidole chake. Mwenye kugawa chakula naye ana hoja: asipojua nani amekula, anayelala njaa ni yule asiye na ujanja.

Ridhaa iliyo mbele ya unga

Mjadala unaanzia hapo, na mmoja wa waliouandalia msingi katika Afrika Mashariki ni Mtanzania, Alex Makulilo. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Bremen nchini Ujerumani mwaka 2012, ilihusu ulinzi wa taarifa binafsi Afrika kusini mwa Sahara, wakati nchi nyingi za ukanda huu hazikuwa na sheria ya jambo hilo. Mwaka 2016 akahariri kitabu kikubwa kuhusu sheria za faragha barani. Kenya na Uganda zilipata sheria zao mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022.

Sheria hizi zote, zikifuata njia iliyopitiwa na Ulaya, zinaipa ridhaa nafasi ya mbele. Ridhaa inayokubalika ni ya mtu aliyeelezwa, akaelewa, na aliyekuwa huru kukataa bila kuadhibiwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalochechemea likifika kambini. Mtu gani atamwambia karani, "Vidole vyangu nabaki navyo, nipe unga tu"?

Mtafiti Mirca Madianou wa Chuo Kikuu cha London, Goldsmiths, katika makala aliyoichapisha mwaka 2019, aliuita utaratibu wa namna hii ukoloni wa kiteknolojia. Hoja yake ni kwamba misaada imekuwa uwanja ambao teknolojia hujaribiwa kwa watu wasio na uwezo wa kukataa, na faida kubwa huenda kwa waliotengeneza. Mtu anaweza kuliona jina hilo kali mno. Lakini inatosha kukumbuka kwamba BIMS ilianzia majaribio yake Dzaleka. Haikuanzia Geneva, makao makuu ya HCR.

HCR yenyewe haitegemei ridhaa pekee. Sera yake ya 2015 inaorodhesha misingi mingine ya kuchukua taarifa: maslahi makubwa ya mhusika, na utekelezaji wa jukumu ambalo shirika lilikabidhiwa. Kisheria, msimamo huo una uaminifu zaidi, kwa kuwa haudai kwamba mtu amekubali jambo ambalo hakuwa na njia ya kulikataa. Ila una gharama yake. Ikiwa ridhaa haihitajiki, anayeandikisha hupoteza sababu ya kukaa chini na kueleza.

Na kueleza kwenyewe kunahitaji maneno. Lusenda inazungumza Kirundi, Kibembe, Kifuliiru na Kiswahili cha kwetu huku. Fomu na sheria zinazungumza Kifaransa. Watanzania walau wamejipatia msamiati: sheria yao ya 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkulima wa Kasulu akiisikia redioni anapata pa kuanzia. Wakenya husema data za kibinafsi. Huku Fizi ukiuliza, utajibiwa kwa neno la Kifaransa lililovikwa sauti ya Kiswahili, na mazungumzo yataishia hapo.

Tena ridhaa si sawa na kutii. Mtoto anatii. Mwenye ridhaa ni yule ambaye angeweza kuinuka na kwenda zake.

Seva iliyo ng'ambo ya sheria

Kongo ilikawia, kisha ikafanya haraka. Tarehe 13 Machi 2023 Rais Félix Tshisekedi alitia saini amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, Kanuni ya Dijitali. Ndani yake mna sehemu inayohusu taarifa binafsi: mtu ana haki ya kujulishwa, kuona kilichoandikwa juu yake, kukirekebisha, hata kukifuta. Inatajwa pia Mamlaka ya Kulinda Data. Wanasheria wa Kinshasa hawakuanza siku hiyo. Profesa Kodjo Ndukuma, kwa mfano, alitoa kitabu chake kuhusu sheria za mtandao mwaka 2009, wakati wengi walikuwa bado wanafikiri kompyuta ni jambo la mafundi.

Je, Kanuni hiyo inamfikia mkimbizi wa Lusenda? Nusu tu. CNR ni chombo cha serikali na iko chini ya sheria za nchi. Kampuni za simu vilevile, pamoja na huduma zao za pesa. HCR haiko hivyo. Mkataba wa mwaka 1946 wa kinga na upendeleo wa Umoja wa Mataifa unaziweka mali zake, nyaraka zake na mashauri dhidi yake nje ya mikono ya mahakama za taifa.

Kinga hiyo ina maana yake. Isingekuwapo, serikali yoyote yenye hasira ingeweza kutuma polisi kuchukua majalada ya waliokimbilia humo. Lakini inamaanisha pia kwamba mkimbizi anayedhani taarifa zake zimetumiwa vibaya hana hakimu wa kumwendea Baraka, wala Uvira, wala Kinshasa. Atalalamika ndani ya shirika lilelile analolilalamikia.

> Kinga inayozuia polisi kuyagusa majalada ndiyo hiyohiyo inayomzuia mkimbizi kwenda mahakamani.

Wakongomani wenyewe wana kumbukumbu ya karibu inayoonyesha tofauti. Septemba 2020 serikali ilianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi. Salio lilikatwa simuni kimyakimya: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu yenye intaneti ya kasi. Muuza ndagala aliyenunua salio asubuhi alilikuta limepungua kabla hajapiga simu hata moja. Raia walipiga kelele, wabunge wakamkalia kooni waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikaondolewa. Mkimbizi aliyekatwa salio pamoja nao hakuwa na mbunge, lakini aliokolewa na kelele za wenye wabunge. Kwenye suala la vidole hana wa kumpigia kelele.

Rohingya, Geneva, Garissa

Wasiwasi wa kwamba orodha itamfikia aliyekukimbiza si ndoto za watu waliotishika. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi taarifa za Warohingya waliokimbilia Bangladesh zilivyokusanywa na HCR pamoja na serikali ya nchi hiyo, kisha Bangladesh ikazipeleka Myanmar, serikali ileile waliyoikimbia, ili ipime nani anaweza kurudishwa. Majina yalikuwa ya watu wasiopungua 830,000. Wengi waliohojiwa walisema waliamini wanaandikishwa kwa ajili ya msaada. HCR ilijibu kwamba wakimbizi waliulizwa kando kuhusu kupelekwa kwa taarifa hizo na wakaelezwa.

Kurudi kwa hiari kunafanya swali hilo liwe la Lusenda pia. Safari za kurudisha Warundi kutoka Kongo zilianza mwaka 2020, baada ya Évariste Ndayishimiye kushika urais. Hakuna msafara unaovuka mpaka bila orodha, na hakuna orodha isiyosomwa upande wa pili.

Halafu kuna wezi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao Geneva, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zake na kufikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Zilikuwa taarifa za wale wanaotafuta ndugu zao: waliotengana vitani, waliopotea, wafungwa. Kwa mtu wa Kivu ya Kusini, mkoa ilimo Lusenda, ambako ni vigumu kupata familia isiyomtafuta mtu, habari hiyo haikuwa ya mbali.

Mfano wa Kenya ndio unaoumiza zaidi, pengine kwa sababu hakuna mwizi ndani yake. Kaskazini Mashariki, wakati wa ukame na njaa, Wakenya wa jamii ya Wasomali walijiandikisha katika kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Vijana wengine waliandikishwa wakiwa watoto. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, mashine ya serikali ilivitambua vidole vyao: wewe ni mkimbizi. Walinyimwa kitambulisho, na bila kitambulisho Kenya hupati kazi, hufungui akaunti, na kizuizi cha barabarani hukipiti kwa amani. Watu walionaswa hivyo walikadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Mwanahistoria Keren Weitzberg ameandika juu yao, na shirika la Haki na Sheria la Garissa limekuwa likiwatetea.

Mahakama za Kenya hazikulala. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu mjini Nairobi, katika kesi ambayo Jukwaa la Haki za Wanubi lilikuwa miongoni mwa walalamikaji, ilizuia serikali kuchukua vinasaba na kunasa kwa satelaiti mahali mtu anapoishi kwa ajili ya Huduma Namba, mpango wa kitambulisho cha kidijitali, na ikataka mfumo huo usiendelee bila sheria ya kutosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akakuta kwamba kadi zilianza kutolewa kabla ya tathmini ya athari zake kwa faragha. Utafiti wa vyuo ulichangia katika mabishano hayo. Kituo cha sheria za hakimiliki na teknolojia cha Chuo Kikuu cha Strathmore, CIPIT, kimekuwa kikiandika juu ya vitambulisho vya kidijitali kwa miaka kadhaa.

Lusenda haina CIPIT yake. Utafiti unaoigusa huandikwa zaidi London, Geneva na Nairobi, hutoka kwa Kiingereza, na wengi wa wanaotajwa ndani yake hawatausoma.

Mwenyeji naye ana kadi gani?

Ukitoka kambini ukaingia kijijini, mambo yanageuka kichwa chini. Mwenyeji wa Lusenda, Mbembe aliyezaliwa hapa na kuzika wazee wake hapa, kitambulisho chake ni kadi ya mpiga kura. Kongo imeishi miongo bila kitambulisho cha taifa. Kadi ya kwanza ya mpango mpya alikabidhiwa Rais Tshisekedi mwenyewe Juni 2023, na mwaka uliofuata mkataba wa kampuni iliyopewa kazi hiyo ukavunjwa.

Kadi za mpiga kura za 2023 nazo zina kituko chao: wino ulifutika. Nchi nzima watu walibaki na vipande vyeupe, sura imepotea, jina limebaki kivuli, wakapanga foleni upya kuomba nakala. Kwa hiyo kwenye barabara hiyohiyo yupo mgeni ambaye alama zake zimehifadhiwa katika mtambo usiosahau, na mwenyeji ambaye hawezi kumthibitishia askari wa kizuizini kwamba yeye ni yeye. Mmoja anaogopa kujulikana kupita kiasi, mwingine anahangaika kwa kutojulikana kabisa.

Na mwenyeji huyo naye alikuwa mkimbizi. Vita vya 1996 viliwavusha watu wa Fizi ziwa kwa mitumbwi na maboti hadi Kigoma; kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huo, na wengi wa waliokaa humo kwanza walikuwa Wabembe. Enzi hizo utambulisho wa mkimbizi ulikuwa kadi ya posho ya karatasi ngumu, inayotobolewa tundu kila ugawaji. Kuanzia Oktoba 2005 waliotaka kurudi walipandishwa meli Kigoma na kushushwa Baraka, kadi zikiwa mkobani. Kadi ile ungeweza kuitupa ziwani ukaanza upya.

Mwaka 2015 Nyarugusu ilipokea wageni wapya, Warundi, huku Warundi wengine wakipokewa Lusenda. Wabembe walikuwa wakimbizi upande mmoja wa ziwa na wenyeji upande wa pili, kwa wakati mmoja.

Februari 2025 mji wa Bukavu ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, mwelekeo uligeuka tena. Makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine wakiogelea na mizigo kichwani, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke. Asubuhi walipanga foleni kuandikishwa. Waliulizwa jina, jina la baba, jina la mama, kijiji walikotoka.